Kupenda Wenu si Kuchukia Wengine

Mtu akihamia ploti mpya Kawangware au Kangemi, huulizwa maswali matatu hata kabla hajapanga vyombo. Jina lako nani? La pili je? Na kwenu ni wapi? Akijibu hilo la tatu kwa kusema "hapahapa Nairobi", muulizaji hutabasamu na kulirudia: "La, nauliza kwenu kabisa, ushago." Huenda ni jirani mwema anayetaka kujua amsalimu kwa lugha gani, na kesho yake atamwazima jiko. Lakini swali lilo hilo, likiulizwa na mtu mwingine katika mwezi mwingine, limewahi kuwafanya wapangaji wafungashe usiku na kuhama. Oktoba 2017, katika siku za marudio ya uchaguzi wa urais, watu wa Kawangware waliokuwa wakinunuliana mboga kwa miaka walishambuliana kwa misingi ya kabila, na vibanda vikateketea. Swali halikuwa limebadilika hata neno moja. Kilichobadilika ni nini?

Kuna wasomi waliotoa maisha yao yote ya kazi kulitafutia jibu swali hilo. Taaluma yao huitwa utafiti wa utambulisho wa kijamii na uhusiano baina ya makundi. Kitovu chake ni saikolojia ya jamii, lakini wanahistoria, wachumi na wanasayansi wa siasa nao wamo. Kwa maneno ya mtaani, wanachunguza kina sisi na kina wale: kina sisi hutokea vipi, na ni lini kina wale hugeuka kuwa maadui. Wakenya wengi hawajui kwamba baadhi ya ushahidi mzito wa taaluma hiyo ulichotwa kwetu, kwanza miaka ya 1960 na tena katika karne hii. Nataka kuueleza polepole, kwa sababu unapingana na jambo ambalo tumezoea kulisema juu yetu wenyewe bila kulipima: kwamba ukabila ni chuki iliyo damuni.

Tuanze mwaka 1965. Bendera ya Kenya ilikuwa haijatimiza miaka miwili. Wahojaji walipita Kenya, Uganda na Tanzania wakiwahoji watu wa makabila 30, kumi katika kila nchi, na watu 50 katika kila kabila. Jumla yao ni 1,500. Nyuma ya kazi hiyo walikuwa Donald Campbell, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, na Robert LeVine, mwanaanthropolojia aliyekuwa ameishi na Abagusii miaka ya 1950. Kila mhojiwa aliulizwa habari za kabila lake na za makabila mengine. Ni akina nani waaminifu? Ni akina nani ungekubali wawe majirani zako, ufanye kazi nao, uoane nao?

Walitaka kupima dhana iliyokuwa na umri wa karibu miaka 60. Mwaka 1906 mwanasosholojia William Graham Sumner alidai kwamba mshikamano wa ndani ya kundi na uadui dhidi ya walio nje ni chanda na pete. Kadiri watu wanavyopendana wao kwa wao, ndivyo wanavyowachukia wengine. Dhana hiyo imeingia vichwani mwetu kiasi kwamba hatuioni tena kuwa ni dhana. Tunaiona kuwa ni hali ya dunia.

Aliyezichambua takwimu zile ni Marilynn Brewer, mwanafunzi wa Campbell, aliyemaliza shahada yake ya uzamivu mwaka 1968. Kitabu chake na mwalimu wake kilitoka mwaka 1976. Walikuta kwamba karibu kila kabila lilijipa alama za juu katika uaminifu na wema. Hilo halikumshangaza mtu. Kilichoshangaza ni kilichofuata. Fikiria unayapanga makabila 30 kwenye mstari, kuanzia lile linalojipenda zaidi hadi lile linalojipenda kidogo. Halafu unaupanga mstari wa pili, kuanzia kabila linalojitenga sana na wengine hadi lile lisilojitenga. Kama Sumner alisema kweli, mistari hiyo miwili ingefanana. Haikufanana hata kidogo. Kujua nafasi ya kabila katika mstari wa kwanza hakukukusaidia kubashiri nafasi yake katika wa pili. Kwa lugha ya hesabu, uwiano ulikuwa karibu sifuri.

Naomba msomaji atue hapo kidogo. Watu waliojivunia mila zao kuliko wengine hawakuwa ndio waliokataa majirani. Ukaribu baina ya makabila ulifuata mambo mengine: kukaa jirani, kukutana, kufanana kwa lugha na desturi. Tena kustahi na kuamini vilikwenda njia mbalimbali. Mtu aliweza kulisifu kabila fulani kwa maendeleo na elimu, na bado asitake kulala nalo ukuta mmoja. Aliyekwisha kuishi Nairobi analijua hilo bila kuonyeshwa jedwali.

Sasa tazama tarehe. Mwaka 1965 Jomo Kenyatta na Oginga Odinga walikuwa bado serikali moja; Odinga alijiuzulu umakamu wa rais mwaka uliofuata. Tom Mboya, waziri na Mluo kama Odinga, alikuwa hai. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi katikati ya jiji, Government Road, barabara ambayo leo ni Moi Avenue na ambapo sanamu yake imesimama. Baada ya risasi hizo uhusiano wa Waluo na Wakikuyu haukurudi ulivyokuwa. Lakini mapenzi ya Waluo kwa Uluo wao hayakuzaliwa Julai ile, wala ya Wakikuyu kwa Ukikuyu wao. Yalikuwepo mwaka 1965, yakapimwa, yakakutwa hayana uadui ndani yake. Kilichozaliwa ni hofu, na hofu ilikuwa na sababu zake, na sababu hizo zilikuwa katika utawala.

Brewer hakurudi kufanya makao Afrika Mashariki. Alifundisha Santa Barbara, kisha Los Angeles, kisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Lakini swali alilolichukua kwetu halikumtoka. Mwaka 1991 alitoa nadharia iliyomjengea jina zaidi: kwamba binadamu ana haja mbili zinazovutana, haja ya kuwa sehemu ya wengi na haja ya kutofautika na wengi. Kundi linalomshika mtu vizuri ni lile lenye ukubwa wa kutosha kumhifadhi na udogo wa kutosha kumtambua. Mwaka 1999 akarudi kwenye hoja ya 1965 na kuandika makala ambayo hadi leo husomwa na kila anayeingia katika taaluma hii, akisisitiza kwamba kuwapendelea wako na kuwachukia wengine ni mambo mawili yenye mizizi tofauti. Miaka zaidi ya 30 ya kazi, na msingi wake ni majibu ya watu 1,500 wa Afrika Mashariki ambao majina yao hayamo kitabuni.

Huko Ulaya, katika miaka ya mwanzo ya kazi hiyo, mwanasaikolojia Henri Tajfel alikuwa akilifikia jambo hilo kwa njia nyingine. Alikuwa Myahudi wa Poland aliyekamatwa na Wajerumani akiwa mwanajeshi wa Ufaransa. Aliishi miaka ya vita katika kambi za mateka akiuficha Upolandi wake, akijua kwamba ukijulikana atauawa. Alipotoka aliwakuta karibu jamaa zake wote wameangamizwa. Akiwa profesa Bristol, Uingereza, alichapisha mwaka 1971 jaribio lililofanywa na wavulana wa shule. Waligawanywa makundi kwa jambo la kipuuzi: eti wanapenda michoro ya Klee au ya Kandinsky. Hawakujua nani mwenzao, hawakuonana, hawakuwa na ugomvi wowote. Walipoambiwa wagawe fedha, waliwapendelea wa kundi lao. Wengi hulisoma jaribio hilo kama ushahidi kwamba ukabila hauepukiki. Mimi nalisoma kinyume chake. Kama mstari uliochorwa asubuhi unafanya kazi kufikia mchana, basi mstari wenyewe hauna utakatifu wowote, na wa kuulizwa ni aliyeuchora.

Na Nairobi ina mistari mingi ya namna hiyo. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na mji uliojengwa kandokando yake ulipangwa kwa rangi: Wazungu juu kwenye vilima na hewa safi, kina Kileleshwa, Kilimani na Muthaiga, Wahindi Parklands na jirani zake, Waafrika mashariki, katika makazi ya wafanyakazi. Kipande, kilichoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilimtaka Mwafrika atembee na kabila lake limeandikwa shingoni. Huko Kibera, wanajeshi wa Kinubi wa jeshi la Mwingereza walipewa mahali pa kukaa mwanzoni mwa karne iliyopita bila hati ya ardhi, na wajukuu wao wakaisubiri hati hiyo hadi mwaka 2017. Kangemi na Kawangware zilikuwa upande wa pili wa mpaka, katika ardhi ya Wakikuyu ya Dagoretti, hadi jiji lilipotanuliwa wakati wa uhuru. Wenyeji wakajenga vyumba vya kupangisha, wahamiaji kutoka Magharibi na Nyanza wakawa wapangaji. Hivyo ugomvi wa kodi, ambao popote duniani ni ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji, hapa huvaa jina la kabila kwa urahisi mno.

Hata majina ya makabila yenyewe si ya tangu zamani kama tunavyodhani. Jina Kalenjin, linalomaanisha "nakwambia", lilishika miaka ya 1940. Luhya na Mijikenda kama majina ya umoja yana umri unaokaribiana na huo. Bethwell Ogot, aliyefundisha historia katika chuo kilichopo Barabara ya Chuo Kikuu tangu kilipokuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na ambaye alifariki Januari 2025, alichapisha mwaka 1967 historia ya Waluo wa kusini iliyojengwa juu ya masimulizi ya wazee. Anayeisoma anaona watu wakihama, wakiungana, wakimezana, wakibadili lugha. Ogot hakuidharau jamii yake kwa kuonyesha ilivyotengenezwa. Aliipa heshima ya kuwa na historia.

Turudi kwenye kupima. Upande wa Ngong Road kuna kituo cha utafiti wa tabia za watu katika mambo ya fedha, kinachoitwa Busara, na jina hilo limenipendeza tangu nililiposikia. Huko, katika majira ya uchaguzi wa Machi 2013, watafiti kina Edward Miguel na Daniel Posner pamoja na wenzao waliwaita wakazi wa Nairobi wapatao 1,300. Makala yao ilitoka mwaka 2020. Mshiriki huketi mbele ya kompyuta, hupewa fedha halisi, kisha huamua ampe kiasi gani mtu asiyemwona, au achangie kiasi gani katika mfuko wa pamoja. Mara nyingine hudokezwa mwenzake ni wa kabila gani. Jaribio lilirudiwa kwa awamu, nyingine mbali na uchaguzi na nyingine karibu nao, na baadhi ya washiriki walikumbushwa kwanza habari za kabila ili kuona kama watageuka.

Upendeleo uliotarajiwa haukuonekana, au ulikuwa mdogo mno. Watu wa Nairobi, wiki chache kabla ya uchaguzi, wakiwa peke yao mbele ya kioo, waligawa shilingi zao kwa wa kabila jingine karibu sawa na kwa wa kabila lao. Watafiti walihitimisha kwamba ukabila tunaouona katika siasa na uchumi hautokani sana na watu wa kawaida kupenda wa kwao na kuchukia wengine. Lazima kuna njia nyingine unakopitia.

Msomaji mwangalifu atapinga, na ana haki. Fedha za maabara ni kidogo. Uso wa mwenzako huuoni. Tena unajua unatazamwa, na Mkenya anayetazamwa na wasomi anajua jibu la heshima ni lipi. Pingamizi hizo nazichukulia kwa uzito, ndiyo maana utafiti wa pili unanivuta zaidi, ingawa haukufanyika Nairobi. Mchumi Jonas Hjort, katika kazi aliyoichapisha mwaka 2014, alichambua kumbukumbu za uzalishaji za kampuni ya maua hapa Kenya. Wafanyakazi huketi watatu watatu: mmoja hugawa maua, wawili huyapanga mashada. Mgawaji aliwapunguzia maua wenzake wa kabila jingine, hata pale alipojipunguzia malipo yake mwenyewe kwa kufanya hivyo. Ghasia za mwanzo wa 2008 zilipozuka, zile zilizoua watu zaidi ya 1,100 nchini na kuwang'oa makwao laki kadhaa, pengo hilo likapanuka.

Kwa hiyo ukabila upo, na unauma, na una bei inayohesabika kwa mashada ya waridi. Maabara ya Ngong Road haifuti hilo. Lakini tazama kilichotokea baadaye. Kampuni ilibadili malipo ya wale wapangaji wawili, ikawalipa kwa kazi yao ya pamoja, kiasi kwamba kumnyima mmoja hakumfaidi mwingine. Upendeleo kati yao ukaisha. Hakuna semina ya uwiano iliyofanyika. Hakuna aliyehubiriwa. Kilichobadilishwa ni kanuni ya mshahara.

Ukiviweka viwili hivyo pamoja, picha inaanza kujitokeza. Chuki ya kabila si tabia iliyotulia ndani ya mtu, ambayo mtu huyu anayo na yule hana. Inawaka na kuzimika kufuatana na mambo yaliyopangwa na watu wengine: nani anagawa, nani analipwa na nani, nani ataadhibiwa, nini kitatokea upande mwingine ukishinda.

Kampala inaongeza kipande kingine. Katika mitaa ya Mulago na Kyebando, Posner na wenzake watatu, akiwemo James Habyarimana, walitaka kujua kwa nini watu wa kabila moja hushirikiana kwa urahisi zaidi. Kitabu chao cha mwaka 2009 hakikuona kwamba ni kwa sababu wanapendana zaidi. Waliona kwamba watu wa kabila moja wanaweza kutafutana na kupatana, na wanatarajia kwamba atakayekosa ataadhibiwa na wenzake. Nilipoisoma hoja hiyo nililielewa swali la ploti kwa namna mpya. "Kwenu ni wapi?" mara nyingi maana yake ni hii: ukitoroka na pesa za chama, nitakutafuta wapi? Ni swali la dhamana. Katika mji ambao mtu anaweza kuhama Kangemi leo na kuonekana Rongai kesho, ushago ndiyo anwani pekee isiyohama. Mama mboga anayemkopesha wa kwao na kumnyima mwingine huenda hana kinyongo na yeyote. Anajua tu ni kwa nani anaweza kupeleka habari.

Hapo panaonekana njia ambayo wahubiri wa uwiano hawaitaji sana. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ilimkopesha mtu kwa kutazama rekodi za simu yake, bila kumuuliza kwao. Sisemi mikopo ya simu ni baraka tupu, imewanasa wengi. Nasema kwamba pale dhamana ilipopatikana mahali pengine, swali la kabila lilikosa kazi. Mahakama ndogo za madai zinazofanya kazi upesi, kumbukumbu za upangaji zinazoaminika, bima inayolipa: hivi ni vitu vikavu visivyoimbwa na mwanasiasa, lakini kila kimoja kinampunguzia jirani sababu ya kuuliza jina la pili.

Sababu kubwa kuliko zote, hata hivyo, iko Harambee Avenue, kwenye ofisi ya rais. Wachumi watano, Miguel akiwa mmoja wao, walihesabu barabara zilizojengwa Kenya kati ya 1963 na 2011. Kwa jumla ya miaka hiyo, wilaya za kabila la rais zilipata fedha za barabara maradufu ya zilizostahili kwa idadi ya watu wake, na lami yenye urefu mara tano. Katika vipindi vya demokrasia upendeleo huo haukuonekana. Basi yule mzee wa kijijini aliyesema "tukikosa kiti tumekwisha" hakuwa mjinga wala mkabila wa kuzaliwa. Alikuwa akiisoma ramani kama ilivyokuwa. Alijifunza somo ambalo dola lilimfundisha kwa changarawe na lami kwa zaidi ya miaka 20, na masomo ya namna hiyo hayasahauliki mara tu katiba inapobadilika.

Tanzania tunayopakana nayo ilifundisha somo jingine. Miguel alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania katika makala ya mwaka 2004. Huko Busia, penye mchanganyiko zaidi wa makabila palichangiwa kidogo zaidi kwa shule za msingi. Huko Meatu, mchanganyiko haukuleta tofauti hiyo. Watu wa pande hizo mbili hawakuumbwa kwa udongo tofauti. Tofauti ilikuwa miongo ya Kiswahili shuleni, mitaala ya utaifa, na serikali za vijiji zilizokata nguvu za machifu wa kikabila. Mwalimu Nyerere hakuwaambia Wasukuma waache kuwa Wasukuma. Aliondoa faida ya kisiasa ya Usukuma.

Nimelizunguka swali la mwezi, yaani kwa nini "kwenu ni wapi?" hutisha mwezi mmoja na si mwingine, na sasa nalirudia. Posner na Miguel pamoja na Benn Eifert walikusanya majibu ya watu zaidi ya 35,000 kutoka nchi kumi za Afrika, walioulizwa ni utambulisho upi wanaoushika kwanza: kabila, dini, kazi, au jingine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuwa haya: kadiri mahojiano yalivyokuwa karibu na uchaguzi wa urais wenye ushindani mkali, ndivyo wengi zaidi walivyojitaja kwa kabila. Kwa kila mwezi mmoja wa kukaribia, ongezeko lilikuwa kama pointi 1.8 za asilimia. Kabila la mtu halipandi na kushuka kwa kalenda. Haja ya kulitaja ndiyo inayopanda, kwa sababu kuna watu ambao kazi yao katika miezi hiyo ni kulipandisha.

Na hushuka pia. Machi 9, 2018, miezi michache baada ya damu ya Kawangware, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mkono kwenye ngazi za Harambee House, na joto mitaani likapoa kwa kasi iliyowaumiza waliokuwa wamefiwa. Juni 2024 vijana waliopinga kodi mpya walijaza katikati ya jiji wakisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Wapo waliowacheka. Lakini kwa mwanafunzi wa Brewer lile lilikuwa tukio la kutazamwa kwa makini: kundi jipya la kina sisi, kubwa la kutosha kuhifadhi na dogo la kutosha kutambulika, lililochorwa kwa umri na kwa ankara badala ya jina la baba.

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe, kwa kijana anayesoma haya na anafikiria kuishi nayo. Ni kazi ya subira. Unaanza na shahada, unakwenda hadi uzamivu, unaomba kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, na idhini ya kamati ya maadili kabla hujamuuliza mtu swali moja. Utatumia muda mwingi zaidi kuandaa maswali kuliko kuyauliza. Na jina lako mwenyewe litaingia katika takwimu. Posner na wenzake walionyesha mwaka 2016, kwa tafiti za nchi nyingi za Afrika, kwamba watu hutoa majibu tofauti mhojaji akiwa wa kabila jingine. Wasaidizi wa utafiti wa Nairobi walilijua hilo zamani. Kuna wanaotumia jina la ubatizo pekee wakiwa upande mmoja wa Kibera, na hilohilo pekee wakifika upande wa pili.

Kuna jambo linaloniuma, na sitalificha. Katika majina niliyoyataja ya waliotupima, wengi mno ni wageni. Siwalaumu, wamefanya kazi safi na wameitetea heshima yetu kuliko tulivyoitetea wenyewe. Wapo Wakenya wenye kazi nzito, kama Karuti Kanyinga wa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye kwa miongo amechambua ardhi na siasa za ukabila. Lakini maswali makubwa, fedha na majarida bado yako mbali, na yanaandikwa kwa lugha ambayo mpangaji wa Kangemi aliyeulizwa hatayasoma. Mtu amepimwa mara mbili katika nusu karne, mara mbili akakutwa ni bora kuliko sifa yake, na hakuna aliyerudi kumwambia kwa Kiswahili.

Mahojiano yetu mengi ya ukabila hufanyika wakati wa uchaguzi, kwa sababu ndipo wafadhili hushtuka. Hivyo tunazo picha nyingi za nyumba ikiungua na chache za nyumba ikikalika. Wanaohitajika ni watu wa kupanda matatu namba 46 ya Kawangware mwezi ambao hakuna linalotokea, wakae barazani, waulize kwa Kiswahili na kwa Sheng nani alimkopesha nani, nani alimlea mtoto wa nani mama alipolazwa, na kwa dhamana gani. Kisha warudi mwezi kwa mwezi, wawaulize walewale maswali yaleyale, ili siku joto litakapopanda tuweze kuonyesha lilipandishwa na nani na kuanzia lini.

Kazi hiyo haiwezi kuanza Julai. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027.